Kiazi Chenye Pembe Mbili

Mama mkwe wangu hafiki kwetu mikono mitupu. Akitoka Newala kuja Mtwara mjini hushuka kwenye basi na kikapu cha ukili chenye korosho, unga wa muhogo na kuku aliyefungwa miguu. Chini kabisa, ameulaza muo wake. Ni kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha, kimelainika kwa viganja vya miaka mingi. Kwa muo ule alichimba ming'oko akawalisha watoto saba katika miaka ambayo ghala lilikuwa tupu, na mume wangu ni wa nne kati ya hao saba.

Msomaji asiye wa kusini pengine haijui ming'oko. Ni viazi vya porini, ndugu wa viazi vikuu, vyembamba, huchimbwa kiangazi na kuchemshwa kwa chumvi. Kwenye stendi zetu huuzwa vikiwa bado vinatoa moshi, na kwa chai ya asubuhi hakuna mkate unaovishinda. Mchimbaji hodari hahitaji kuona jani. Kiangazi jani limeshapukutika, umebaki uzi mkavu wa mmea uning'iniao kichakani. Yeye huufuata uzi ule kwa vidole mpaka unapoingia ardhini, na hapo ndipo huchomeka muo.

Nimeanza na muo kwa sababu yaliyotupata mwaka ule yalitokana na ujuzi wa kweli wa mama mkwe wangu. Hayakutokana na uzembe wake.

Ua lenyewe lilikuja Desemba. Nilikuwa narudi kutoka Mikindani, nikamkuta muuza maua kando ya barabara amepanga miche yake ndani ya makopo ya rangi. Sita kati ya ile miche ilikuwa na majani ya kijani kibichi, membamba, na ncha ya kila jani imejikunja kama kidole kinachomwita mtu. Nikauliza ni ua gani. Akasema ni ua la kizungu, limetoka Afrika Kusini, likichanua nitamkumbuka. Nikachukua makopo yote sita. Udongo ulikuwa umejaa mpaka mdomoni mwa kopo, nami niliupanda mche na udongo wake wote, kando ya ukuta, kila mmoja na kijiti chake. Kwa hiyo mizizi yake sikuiona hata siku moja. Neno hilo tulishike, tutalirudia.

Mvua zikakolea, mimea ikapanda. Haikujisokota kwenye kijiti kama maharage. Ilishika kwa ncha za majani: kila jani liligusa kijiti, likajizungusha, likakaza. Januari ilikuwa imenipita kimo. Wiki ya kwanza ya Februari lile la kwanza likachanua, na kwa siku tatu hakuna mgeni aliyeingia uani bila kusimama.

Ua lile huanza likiwa limeinama, la kijani, kama taa iliyozimwa. Kisha petali zake sita hugeuka na kuelekea juu, kingo zake zikiwa za mawimbi kama pindo la kanga inayopigwa na upepo. Chini ni manjano, juu nyekundu, na kadiri siku zinavyokwenda nyekundu hushuka mpaka ua zima linakuwa kaa la moto. Stameni sita zimetanuka pande zote kama vijiti vya mwavuli. Katikati kuna kijiti kingine kilichopinda ghafla kwenda upande, kama kiwiko. Nilimwona chozi akija asubuhi, na vipepeo wakija jua likishapanda.

Jina lake kila mtu alikuwa nalo la kwake. Jirani wa kulia aliliita ua la mwali. Jirani wa kushoto aliapa kuwa ni yungiyungi la nchi kavu. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kupima korosho ghalani na haongezi neno lisilo na uzito, alisema linafanana na moto wa kuni. Binti yetu wa kidato cha pili alikata ua moja na jani lake, akampelekea mwalimu wake wa biolojia.

Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono: *Gloriosa superba*. Ni jina alilolisajili Carl Linnaeus mwaka 1753, na maana yake ni lenye utukufu, lenye fahari. Si la Afrika Kusini peke yake wala si la kizungu. Ni la kwetu: huota lenyewe katika vichaka vya Afrika ya kitropiki, pwani hadi milimani, likaendelea mpaka India na Sri Lanka. Zimbabwe imelifanya ua lake la taifa, na jimbo la Tamil Nadu huko India nalo limelichagua. Mwaka 1947 watoto wa shule wa Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, walichanga fedha, wakamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza bizimu ya almasi yenye umbo la ua hili, alipotimiza miaka 21. Kila msimu sehemu ya juu hufa, mmea ukalala ardhini, na mvua zikija huamka tena.

Mstari wa mwisho mwalimu aliupigia mistari miwili: *Mmea wote ni sumu, hasa kiazi chake na mbegu.*

Niliwaita watoto nikawasomea. Tukakubaliana: kuangalia ruhusa, kugusa marufuku. Karatasi nikaiweka kabatini, chini ya kopo la sukari, na moyo wangu ukatulia. Nilidhani kazi imekwisha.

Mei majani yakageuka manjano. Juni yakapukutika. Julai palibaki vijiti sita kando ya ukuta, kila kimoja na uzi mkavu uning'iniao. Ua halikuwepo tena, na nikaacha kulifikiria.

Mwishoni mwa Julai mama mkwe akashuka kwenye basi na kikapu chake.

Siku ya pili ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda sokoni mapema kutafuta samaki, mume wangu alikuwa ghalani, watoto wakicheza kwa jirani. Mama mkwe hajui kukaa bure. Alifagia uwanja wote, akafika ukutani, akaona uzi mkavu kwenye kijiti. Akaushika, akaufuata kwa vidole mpaka chini. Akaingia ndani kuchukua muo.

Nilirudi yapata saa sita. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, uso umemng'aa kwa furaha. Jiko la mkaa linawaka, sufuria inachemka, na pembeni kuna kibakuli cha chumvi.

"Karibu mwanangu," akaniambia. "Mnakaa na ming'oko uani mwenu, mnahangaika kununua mkate! Leo wajukuu wangu watakula chakula cha kwao."

Mbele yake palikuwa na ungo, na juu ya ungo viazi viwili ambavyo hakuwahi kuvimenya. Nilichutama nikakitazama kimoja. Kilikuwa na unene wa kidole gumba, ngozi ya kahawia, nyama nyeupe pale alipokigusa kisu. Lakini hakikuwa kimoja kilichonyooka. Kilikuwa pembe mbili zilizoungana mahali pamoja kama manati isiyo na mpini, na kila pembe ilikuwa na urefu wa shubiri. Ming'oko nimeila tangu nizaliwe, na sijaona iliyoumbwa hivyo. Nikageuza uso kuelekea ukutani. Vijiti sita vilikuwa vimelazwa chini kwa mpangilio, na ardhi imechimbika.

Hapo ndipo karatasi ya mwalimu ilinirudia, mstari wake wa mwisho kwanza.

Kumwondolea mama mkwe sufuria jikoni si jambo dogo. Kwetu chakula cha mzazi hupokewa kwa mikono miwili. Lakini niliiipua, nikaiweka mbali, nikasema, "Mama, nisamehe. Hii siyo ming'oko. Ni mzizi wa ua, na una sumu."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Unanimwagia chakula, mwanangu?"

"Simwagi kwa dharau, mama. Naogopa."

"Unaogopa sumu?" Sauti yake haikupanda, na hilo liliniumiza zaidi. "Hata ndiga ina sumu. Tunaikata vipande, tunailoweka kwenye maji yanayokwenda, tunaianika, tunakula. Mwaka wa njaa mumeo aliishi kwa ndiga. Mimi wa kufundishwa mizizi?"

Alikuwa na haki kwa upande wa ndiga. Kiazi pori kile ni sumu kikiwa kibichi, na wazee wa kusini wana elimu kamili ya kukitakasa. Lakini elimu ya mmea mmoja haihamii kwa mwingine. Sumu ya kiazi hiki haiishi kwa kuchemshwa.

Binti yetu alikuwa amesharudi, akaingia ndani akaleta karatasi, akampigia bibi yake magoti, akamsomea taratibu neno kwa neno. Alipofika kwenye mistari ile miwili, mama mkwe akaweka mkono kifuani.

"Nimeshaonja," akasema. "Nilikuwa naangalia chumvi. Kipande kimoja. Kilikuwa kichungu, cha pili nikakitema."

Sikungoja mume wangu afike. Nilifunga kiazi kibichi kimoja ndani ya gazeti, nikachukua ile karatasi, tukapanda bajaji. Mama mkwe alikuwa hana dalili yoyote na njia nzima aliniambia tunapoteza nauli.

Hospitali daktari aliyetupokea alifungua gazeti, akasoma karatasi, akaacha kuuliza maswali marefu. Alitueleza kwa lugha ya nyumbani. Sumu iliyomo inaitwa kolkisini. Kwa vipimo vidogo sana ni dawa ya jongo. Iligunduliwa kwenye mmea mwingine wa jamii hiyohiyo na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820, mwaka uleule walipotenga kwinini. Huko India watu hulima ua hili mashambani ili wauze mbegu kwa watengeneza dawa. Ila kipimo cha dawa na kipimo cha kifo vimekaribiana mno. Kolkisini huzuia seli za mwili zisigawanyike. Basi zinazoumia mwanzo ni sehemu ambazo seli zake hugawanyika kila siku: utumbo, uboho wa mifupa, mizizi ya nywele. Mtu akila kiasi kikubwa, saa chache za mwanzo anaweza asihisi chochote. Kisha huja kuungua koo, kutapika na kuharisha, na baadaye figo, moyo na pumzi. Aliyenusurika huweza kunyonyoka nywele wiki moja au mbili baadaye. Dawa ya kuifuta sumu hiyo hospitali nyingi hazina. Kinachosaidia ni kuwahi: kupewa mkaa maalumu wa kunyonya sumu tumboni, maji ya mishipani na uangalizi wa karibu.

"Sri Lanka na India watu wamekufa kwa kukidhania kiazi kitamu," akasema. "Mama hajakosea peke yake duniani."

Saa kumi jioni koo la mama mkwe likaanza kuwaka. Akatapika. Usiku akaharisha mara nyingi, na mume wangu, aliyekuja mbio kutoka ghalani, alikaa kitandani pake akimshika mkono bila kusema neno. Mimi nilikaa kwenye benchi nikihesabu matone ya maji yakishuka kwenye mpira. Nilikuwa nafikiria kipande kimoja. Kipande kimoja, kwa mtu mzima, kimefanya haya. Sufuria ile ilipangwa kuliwa na watoto wanne.

Asubuhi habari ya mbuzi ikatufikia hospitalini. Mama mkwe alikuwa amemtupia mwanambuzi wetu maganda na kiazi kimoja kidogo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Usiku mbuzi alilala chini akitoka povu, na kabla ya adhuhuri akafa. Jirani alikuja na kisu wakati bado anapumua, akashauri achinjwe nyama isipotee. Mume wangu alipigiwa simu akakataa katakata. Alirudi nyumbani, akachimba shimo refu nyuma ya choo, akamfukia mbuzi, akafukia na sufuria na vyote vilivyomo ndani. Jirani aliona ni hasara. Baadaye alipojua, alikuja kushukuru.

Siku ya tatu mama mkwe akaruhusiwa. Alikuwa amepungua, lakini amesimama kwa miguu yake. Tulipofika uani, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda ukutani akatazama ardhi iliyochimbika.

"Ningewaua wajukuu wangu," akasema.

"Mama, kosa ni langu," nikamwambia, na leo bado nasema hivyo. "Mimi nilijua. Niliwaambia watoto, nikakaa kimya kwako kwa sababu ua halikuonekana. Nilidhani likikauka na hatari yake imekauka."

Akaniomba nimwoneshe picha ya ua. Sikuwa nayo. Nikamwahidi kwamba kama kuna kiazi kilichobaki, atalikuta likiwa hai. Kikabaki kimoja, chini ya jiwe la ukuta, ambacho muo haukukifikia. Desemba kikatoa chipukizi. Februari mama mkwe akaja tena, safari hii bila muo. Nilimwongoza mpaka mbele ya ua likiwa limewaka kwelikweli. Akasimama. Akaweka kiganja mdomoni.

"Hili?" akasema. "Hili mimi nalijua! Tulikuwa tukilipita njiani kwenda kisimani, wasichana. Tulilichuma tukalichomeka kwenye nywele. Miaka yote nimelijua ua, mzizi wake sikuwahi kuuona!"

Kumbe tulikuwa sawa. Yeye alilijua ua na mimi nililijua ua. Kila mmoja alilijua kwa mwezi wake mmoja wa uzuri, na hakuna aliyelijua kwa mwaka mzima.

Jioni ile tulikaa mkekani tukafundishana, na watoto wakisikiliza. Yeye alitufundisha ming'oko: mmea wake hujisokota kwenye kichaka, jani lake lina umbo la moyo na mishipa inayotawanyika kutoka kwenye kikonyo, na ukichimba unakuta viazi kadhaa kwenye shina moja. Mimi nikamwonesha la kwetu: jani jembamba, mishipa imelala sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho, na ncha imegeuka kuwa kikono cha kushikia. Shina halijisokoti, limetundikwa kwa majani yake. Tunda lake likikauka hupasuka na kuonesha mbegu nyekundu zinazovutia macho ya mtoto, nazo ni sumu vilevile. Na chini ya ardhi, kiazi chenye pembe mbili. Mama mkwe akachora umbo lile mchangani kwa kidole, akalifuta, akamwambia kila mjukuu alichore mwenyewe.

Mume wangu alishauri tuling'oe lisiwepo tena. Nilitegemea mama mkwe atakubali upesi. Akakataa. Akasema ukiling'oa hapa, watoto watakutana nalo porini wakiwa hawalijui. Likae, ila likae na alama. Basi tulilizungushia mawe, tukachomeka kibao cha bati chenye neno SUMU kwa rangi nyekundu, kinachokaa mahali pake masika na kiangazi, ua likiwepo na lisipokuwepo. Tukipalilia pale tunavaa glavu, maana utomvu wake huwasha ngozi.

Nawe msomaji, kama una bustani, nakuomba mambo matatu. Usipande mmea usiojua jina lake, mzizi wake na mbegu zake. Ukiujua, mwambie kila anayelala chini ya paa lako, hasa mgeni na hasa mzee, maana mzee ndiye mwenye mkono wa kuchimba. Na ikitokea mtu amekula kiazi cha ua hili, usingoje dalili wala usijaribu maziwa. Mpeleke hospitali saa ileile, na ubebe kiazi chenyewe mkononi ili daktari akione kwa macho yake.